Saumu ya Mgeni

Mama Pulchérie alipofunua sufuria, mvuke ulipanda hadi kwenye mbao za paa, na harufu ya kuku aliyepikwa kwa mawese ikaijaza sebule yote. Kando ya sufuria palikuwa na bugali uliofinyangwa ukawa kilima laini, na chupa ya chai iliyokwisha kutiwa sukari ya kumstahi mgeni, yaani sukari isiyopimwa. Adolphine alivitazama vyote vile kwa uso wa tabasamu na kwa moyo wa mtu aliyebanwa ukutani.

"Kula, mama," alisema Mama Pulchérie. "We umetelemuka kutoka Fizi mpaka Baraka, na leo tena uko mu piki, mugongo lazima inauma. Ile firigisi ni yako. Papa Eugène mwenyewe anaililia, lakini leo atalia tu."

"Mi nimezoea kulia mu nyumba yangu," alijibu mumewe, Mzee Eugène, kutoka kitini pake, na wenyeji wote wawili wakacheka.

Kisha Mama Pulchérie akafanya jambo ambalo mwenyeji muungwana wa nchi ile hakosi kulifanya. Alimega tonge, akalichovya katika mchuzi, akala mgeni akiona. Akamimina chai kidogo, akanywa. Pande zile watu huogopa karuho, sumu ambayo husemekana hutiwa chakulani ikamla mtu polepole hata akauke. Na kwa sababu hiyo mwenye nyumba hutangulia kuonja, ili mgeni ale kwa amani. Mgeni akikataa kabla ya kuonjewa, huenda akasamehewa. Akikataa baada ya hapo, amemwita mwenye nyumba muuaji, tena bila kufungua kinywa.

Adolphine aliyajua hayo, kwani alizaliwa katika milima hiyo hiyo. Lakini alijua na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu wa nyumba ile wala wa kazini kwake. Alikuwa na maradhi ya sukari. Néhémie, muuguzi aliyemhudumia kule Nundu, alimweleza kwa upole usiokuwa na mzaha: bugali usizidi ngumi yake mwenyewe, mboga kwa wingi, maharagi, samaki wa kuchemsha, chai iwe bila sukari, na saa za kula zisirukwe. "Na ile kidonge, mama," alimwambia, "usiimeze kama chakula haiko mbele yako. Kidonge haijui kungoja. Ikikuta tumbo wazi, itateremusha sukari yako mpaka uanguke mu njia."

Ni rahisi kuyatii maagizo hayo kwa mwenye jiko lake. Adolphine kazi yake ilikuwa kusuluhisha migogoro ya mashamba kwa niaba ya kamati ndogo ya Fizi, na kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika nyumba za watu, akila alichopewa na aliyempa. Kuudhihirisha ugonjwa hakuthubutu. Mwenzake Clarisse alipougua moyo, kamati ilimpumzisha safari. Na baada ya kupumzishwa safari, hakuna aliyekumbuka kumrudishia kazi.

Tena jambo lililomleta safari hii halikuwa dogo. Mzee Eugène alikuwa ameziazima familia kadhaa za wakimbizi wa Burundi bonde lake lililo kando ya barabara ipandayo Fizi, mwendo mfupi kutoka Baraka. Walilima, wakapanda maharagi, na sasa maharagi yalikuwa yamekauka shambani, yakingoja mikono tu. Ndipo vijana wa ukoo, wakiongozwa na Dieumerci, mwana wa Mzee Eugène, waliposema kwamba ardhi irudi leo, na mazao yang'olewe au yabaki kwao. Mapanga yalikuwa yamekwisha kuonyeshwa. Kesho ndiyo siku ya kikao. Kikao kikivunjika, mazao yatakwenda, na huenda damu ikayafuata.

Basi aliutazama ule mlima wa bugali, akaitazama chai, na ulimi ukateleza kabla moyo haujaushika.

"Mama, munisamehe," alisema. "Mi niko nafunga. Niko mu maombi, kwa ajili ya hili bonde."

Mama Pulchérie alibaki na mfuniko mkononi. Macho yake yakalowa.

"Kwa ajili yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Eugène, unasikia? Bantu bengi bamepita hapa. Ba bureau, bachef, benye magari ya mweupe. Bote balikula. Hakuna hata mumoja alitufungia." Akaifunika sufuria kwa taadhima, kama mtu anayefunika kitabu kitakatifu. "Basi na mi nafunga pamoja na we. Hakuna kitu itapita hapa," akajigusa kooni, "si bugali, si maji, mpaka ile maneno ya bonde iishe."

"Hapana, mama! Nyinyi muko bakubwa wa miaka…"

"Niko mukubwa, sijakufa."

Akapiga magoti pale pale juu ya mkeka, na Adolphine hakuwa na budi ila kupiga magoti kando yake. Yule mama aliomba kwa sauti ya chini isiyokuwa na mapambo: aliomba mwanawe asishike panga, aliomba watoto wa wageni wasilale njaa, aliomba mama huyu wa Fizi apewe nguvu katika mfungo wake. Adolphine aliitikia "Amina." Katika kazi yake aliwahi kusema uongo mdogo wa kupoza watu waliowaka. Huu ulikuwa umepelekwa mbele ya Mola, na mtu mwema alikuwa ameutia muhuri kwa tumbo lake mwenyewe.

Alipoondoka kurudi Baraka, alikofikia, njaa ilikuwa imemshika hasa, na kidonge cha adhuhuri kilikuwa kinangoja. Mahali ambapo barabara inalisogelea ziwa alimwomba mwendesha piki asimame, akashuka hadi nyuma ya mwamba, akafungua bakuli la bati alilolificha mkobani. Ndani yake mlikuwa na mboga za lengalenga, maharagi na kipande cha samaki wa kuchemsha. Alikula haraka, mgongo ukielekea barabarani, kama mwizi. Aliposikia piki nyingine ikipunguza mwendo aligeuka bila kufikiri, tonge likiwa mkononi. Alikuwa Dieumerci. Kijana hakusimama. Aliinua mkono kumsalimu, kwa adabu iliyopita kiasi, akaenda zake.

*

Lile bakuli nalo lilikuwa na mambo yake. Adolphine alifikia katika chumba cha kupanga mjini Baraka, chumba chenye kitanda, ndoo na dirisha, pasipo hata jiwe moja la jiko. Alikuwa amezizunguka nyumba za chakula za sokoni, akiwasihi wapishi wampikie bila mawese na bila chumvi nyingi. Mmoja alimcheka: "Mama, chakula bila mawese ni ya mugonjwa ao ya mufungwa. We uko nani kati ya bale?" Aliyekubali ni mmoja tu, Renilde, mwanamke wa Kirundi aliyeuza chakula karibu na kituo cha piki. Mama yake Renilde alikufa kwa ugonjwa huo huo. Aliyajua maagizo hata kabla ya kuelezwa. Kwake yeye peke yake Adolphine aliifunua siri, akamlisha yamini asiitoe.

Renilde alikuwa mke wa Nzohabonayo, na Nzohabonayo ndiye aliyewasemea wakimbizi wa bondeni.

"Mama Adolphine," Renilde alimwambia siku ya kwanza, akilifunga bakuli, "we unajua mi ni bibi ya nani. Si itakuletea maneno?"

"Chakula ni chakula, Renilde. Mi nakulipa, we unapika. Kesi iko kule, sahani iko hapa."

Ndivyo alivyosema, yeye aliyekuwa akiwafundisha wengine kwamba msuluhishi huchunguzwa hata mahali anapoweka kikombe.

Asubuhi ya kikao Renilde alileta bakuli mapema, kisha akawahi kwenda kuungana na mumewe. Adolphine alimeza kidonge, akavuta kiti, akagusa mfuniko. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mzee Eugène, ikipumua kwa shida.

"Mama, kuya mbio. Bijana bameamuka na mapanga, banataka kuingia mu bonde. Nimebasimamisha mu njia, nimebaambia bangoje we. Sijui batangoja mpaka wapi."

Alilitia bakuli mkobani, akatoka. Alikusudia kula njiani. Lakini mwendesha piki, alipoambiwa kuna hatari, alikwenda kama anayefukuzwa, na kwenye njia panda Dieumerci alikuwa anawangoja. Alijiunga nao, akawa anakwenda sambamba nao hadi uani kwa baba yake, kama askari anayemsindikiza mtuhumiwa.

Uani watu walikuwa wamejigawa. Upande mmoja vijana wa ukoo, mapanga yao yamelazwa nyasini. Upande wa pili Nzohabonayo na wenzake, wanaume na wanawake, wameketi karibu-karibu kama watu walioona mvua ikija. Mlangoni pa jiko alisimama Mama Pulchérie, ameegemea nguzo. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alipomwona Adolphine alijaribu kutabasamu, akamnong'oneza alipopita, "Tuko pamoja, dada."

Adolphine hakuweza kumtazama.

Kikao kilianza vizuri kuliko alivyotumaini. Nzohabonayo aliinuka, akavua kofia.

"Papa Eugène, hatuombi udongo wenu. Udongo ni wenu. Tunaomba tu tuvune kile tulipanda kwa ruhusa yenu. Siku mbili, tatu. Sehemu yenu tutaileta hapa mulangoni, kama tuliahidi. Kisha mukisema tutoke, tutatoka."

"Mwaka jana pia mulisema mutatoka!" alipaza kijana mmoja.

"Mwaka jana baba yako mwenyewe alikuya kutuomba tubaki, tumulimie mihogo," akajibu Nzohabonayo, na hata miongoni mwa vijana mmoja alicheka, akakohoa kukificha kicheko.

Mzee Eugène alikuwa anakuna kidevu. Adolphine aliyekaa kati yao alimjua mtu anayekaribia kulegea, na alikuwa amefungua kinywa kumsaidia alegee, ndipo Dieumerci aliposimama.

"Papa, kabla ya yote niko na ulizo moja. Huyu mama aliambia mama yangu iko nafunga. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Mzee Eugène. "Kaa chini."

"Basi ile maombi yake ilikuwa na samaki ndani. Nilimukuta jana nyuma ya jiwe, pale karibu na maji, anakula mpaka vidole."

Kicheko kilipasuka upande wa vijana, kisha kikafa chenyewe, kwa kuwa Dieumerci hakuwa anacheka. Alikuwa amekwisha kuutia mkono mkobani mwa Adolphine. Akalitoa bakuli, likiwa bado limefungwa, akaligeuza upande ili wote waone doa la rangi nyekundu ambalo Renilde aliviwekea vyombo vyake visipotee sokoni.

"Na hii ni sahani ya nani? Semeni nyinyi, si munaijua bote? Chakula ya mama yangu ameionjewa, ameikataa. Chakula ya benye kesi, anaikula mu kificho. Kwa hiyo mama yangu ndiye murozi, mwenye kutia sumu, na hawa ndio bandugu zake. Na mama yangu, tangu jana hajaramba hata tone ya maji, kwa ajili ya maombi ya huyu!"

Mama Pulchérie aliachana na nguzo, akaja hatua chache.

"Ni kweli?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aulizaye habari ya msiba.

Adolphine alitaka kujibu, na hapo akaona mikono yake inatetemeka. Alidhani ni hofu. Aliibana kati ya magoti, ikazidi. Jasho la baridi likamtoka kipajini, likamchuruzika shingoni, na uso wa Mama Pulchérie ukagawanyika ukawa nyuso mbili, zinazosogeleana na kuachana. Ndipo alipokumbuka kidonge.

"Mumuangalie!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mumuangalie jasho! Iko nakufa!"

"Ni ile sahani!" akadakia mwingine. "Bamemupa karuho afie hapa kwetu, tupate kesi sisi!"

Mapanga yaliinuliwa kutoka nyasini. Wanaume wa upande wa pili nao wakasimama, na mama mmoja akawavuta watoto nyuma yake. Dieumerci akamwelekezea Renilde kidole. "Huyu ndiye alipika. Ulimutilia nini? Sema!"

Renilde alisimama peke yake mbele ya wenzake. Alikuwa anaelewa kila kitu. Neno moja tu lingemtosha kuyashusha mapanga yale, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni; lakini alikuwa ameapishwa. Alimtazama Adolphine, akamtazama tena, macho yakimsihi, na midomo yake ikabaki imefungwa. Mumewe alimshika mkono. "Sema, Renilde, kama iko kitu!" Mkewe akatikisa kichwa.

Adolphine aliona hayo kama mtu aliye chini ya maji. Wazo liliinuka, likazama, likainuka tena: akinyamaza, siri itamfia moyoni, na watu hawa watauana juu ya siri hiyo. Ulimi wake ulikuwa mzito kama gogo. Akausukuma.

"Hapana sumu," alisema.

"Anasema nini?"

"Hapana sumu!" Safari hii walimsikia. "Mi niko na ugonjwa ya sukari. Nilimeza kidonge, sikukula. Renilde anajua. Nilimukataza kusema. Sikufunga. Mama Pulchérie, sikufunga hata saa moja. Nilikudanganya wewe, nikadanganya na Mungu." Akavuta pumzi. "Munipe sukari. Mbio. Sukari mu maji."

Dieumerci alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kucheka pamoja naye. "Mumesikia? Iko na ugonjwa ya sukari, dawa yake ni sukari! Hata uongo yenyewe anashindwa kuipika."

"Ni kweli anayosema," Renilde alipaza sauti hatimaye, machozi yakimtoka. "Kidonge ikizidi, sukari inaisha mu mwili. Mama yangu alikuwa vile. Mumupe, atakufa!"

"Nani amupe? We? Umupe tena?"

Mzee Eugène aligeuka haraka kumtazama mkewe, kwa kuwa alimwona amekwisha kuelekea jikoni. "Pulchérie! Usimupe kitu. Unanisikia? Amekukataa mbele ya bantu. Akikufa sasa na kikombe yako mu mukono, bataimba jina yako kutoka hapa mpaka Ubwari. Batoto ba batoto yako bataitwa ba murozi."

Mzee hakusema upuuzi. Kila mtu pale uani alijua kwamba ndivyo ingekuwa. Mama Pulchérie alisimama kizingitini, mgongo umewaelekea. Adolphine alikuwa ameteleza kutoka kitini, ameketi udongoni, kichwa kinamwinama kama cha mtoto mwenye usingizi. Kisha mlango ukawa mtupu. Na kutoka ndani ikasikika sauti ya kijiko kikizungushwa kikombeni.

Alitoka na kikombe mikononi. Maji yaliyokuwamo yalikuwa mazito kwa sukari. Alipiga magoti mbele ya Adolphine, akakiinua kikombe, na kabla hakijafika kwa mgonjwa akasita. Aliyekwisha kukataliwa mbele ya ukoo wake hawezi kumnywesha mtu kitu ambacho hakukionja. Wote walikuelewa kule kusita, na mwanawe alikuelewa kabla ya wote.

"Mama, hapana," alisema Dieumerci, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwana, wala si ya kiongozi wa vijana. "We uko nafunga kweli. Usiharibu maombi yako kwa sababu ya muongo."

"Maombi ni yangu, Dieumerci. Si yako."

Akanywa. Alinywa funda zima, akameza taratibu, shingo imeinuliwa, ili kila mwenye macho auone mwendo wa koo lake. Kisha akakishika kichwa cha Adolphine kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamnywesha, kidogo, tena kidogo, akiyafuta kwa kitenge chake maji yaliyomwagika kidevuni.

Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Mapanga yalikuwa bado yameshikwa, lakini hakuna aliyejua ayaelekeze wapi. Kama mwanamke yule angelala asiamke, basi muuaji angekuwa nani: aliyepika asubuhi, au aliyenywesha sasa? Nzohabonayo alikuwa anaomba kwa Kirundi, midomo ikicheza. Mzee Eugène alikuwa ameiweka mikono kichwani. Mama Pulchérie hakumwacha mgonjwa. Alikaa naye udongoni, amemwegemeza kifuani, akimtazama usoni kama mtu anayengoja maji yachemke.

Kwanza ukakoma mtetemo wa mikono. Kisha jasho likakauka. Adolphine akafumbua macho, akauona uso wa yule mama ukiwa mmoja tu, na karibu sana.

"Jina yako nani?" aliuliza Mama Pulchérie.

"Adolphine."

"Tuko wapi?"

"Kwenu. Mu kikao." Akataka kusimama. "Mama, mi…"

"Nyamaza kwanza." Mama Pulchérie aliinuka yeye, kwa shida, akishika goti. Akawageukia vijana. "Mumeona sumu? Iko wapi? Mulitaka kukata mutu kichwa kwa sababu ya mutu mwenye hakukula. Wekeni ile bisu chini, munanichafulia uwanja."

Yakawekwa, si yote kwa mara moja, ila yakawekwa.

"Sasa munisikilize. Huyu alidanganya. Hiyo ni yake na Mungu, na mi sitaingia kati. Lakini mi sikudanganya. Nilifunga kwa ajili ya bonde, na mfungo wangu nimeuvunja mbele yenu, kwa mukono yangu. Basi naanza upya, sasa hivi. Na nitafungua na maharagi ya lile bonde, siku yatavunwa na kuletwa hapa na bale balipanda. Si mbele ya ile siku." Akamtazama mwanawe. "Kama unataka kuyang'oa, Dieumerci, yang'oe. Mama yako utamufungulia na nini?"

Mmoja wa vijana akamnong'oneza Dieumerci neno, naye akamsukuma kwa kiwiko.

"Pulchérie," alisema Mzee Eugène, "hiyo si maombi. Hiyo ni kunifunga kamba."

"Ifungue basi."

Mzee aliuchora udongo kwa kidole cha mguu. Hatimaye akamgeukia Nzohabonayo, na ghadhabu yake yote aliimwaga katika namna ya kusema, kwa kuwa katika maneno yenyewe alikuwa amekwisha kukubali. "Si mumesikia? Munangoja nini hapa? Bonde iko kule! Na muvune mbio, huyu mwanamuke si kijana! Maneno ya udongo tutaisema nyuma ya mavuno, na musuluhishi mwingine. Huyu, hapana. Sitaki tena musuluhishi mwenye kunidanganya mu sebule yangu."

Adolphine aliinamisha kichwa. "Muko na haki, Papa."

*

Jikoni mlikuwa na moshi mwembamba na giza la kupendeza. Mama Pulchérie alimkalisha kwenye kigoda, akamwuliza bila kumtazama, "Sasa ule mutu alikupa kidonge, alisema ukule nini?"

Adolphine akamtajia: lengalenga, maharagi, dagaa wa ndakala wa kuchemsha, bugali kidogo kama ngumi, chai isiyo na sukari.

Mama Pulchérie aliacha kuchochea moto. "Ile tu?"

"Ile tu, mama."

"Ile ndiyo tunakulaka hapa kila siku kama hakuna mugeni!" Akaufunua mfuniko wa sufuria ndogo iliyosukumwa pembeni nyuma ya kuni; ndani mlikuwa na lengalenga na ndakala, chakula cha watu wa nyumbani. "Jana ilikuwa hapa. Niliificha, nikakimbiza kuku uwanja muzima mpaka mugongo ikakataa, nisiaibike mbele yako. Ungeniambia neno moja tu!" Alicheka, kisha kicheko kikakatika, akamtazama usoni. "Neno moja. Mi ningekasirika kidogo. Lakini wewe ulinipigisha magoti."

"Munisamehe, mama."

"Njaa nakusamehe. Kudanganya mume wangu, nakusamehe, anadanganywa na bengi. Ile ya maombi, hapana, hiyo si yangu ya kusamehe. Utaenda kuiomba mwenyewe, na usiombe mbio-mbio."

Alipakua, akaweka sahani mbele yake. Kisha akarudisha mikono mapajani. "Leo sikuonjei. Nimeanza tena kufunga. Utaikula hivi-hivi ao utaiacha."

Adolphine alinawa, akala. Alikula polepole, hadi mikono ikawa yake tena. Na kutoka bondeni zilianza kusikika sauti za watu wanaoitana, na mashina ya maharagi yanayong'olewa kwa mafungu. Sahani ilikuwa haijaisha alipoitoa simu, akampigia Bertin, mkuu wa kamati kule Fizi. Alimweleza yote mbele ya mwenyeji wake, bila kurembesha: ugonjwa, mfungo, bakuli, na kwamba bonde hili linahitaji mtu mwingine. Kisha Bertin akamwambia apande Fizi kesho, wataongea.

"Banakufukuza?" aliuliza Mama Pulchérie.

"Sijui bado, mama."

Mama Pulchérie alirudi kuchochea moto, ambao siku ile haukuwa wa kumpikia yeye mwenyewe, aliyefunga.

"Basi maliza ile sahani."